Vifungo Chini ya Mlango

Chumba cha Cherehani,
Juu ya Duka la Vitabu.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, maana uko mbali na masikio yangu yameshazoea cherehani. Hujambo wewe? Wifi na watoto hawajambo? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kupakua mizigo ghalani? Mimi ni mzima, ila macho yameanza kunigomea nikitunga uzi sindanoni.

Kazi inakwenda, ingawa mwezi wa tano nilifanya kituko cha mwaka. Nilikuwa nashona shati la mwalimu mmoja, mlango wa chini ukajibamiza, na nilipozinduka shati lilikuwa limekwisha, limepigwa pasi, limekunjwa. Mwalimu alipolijaribu, mkono wa kushoto uliingia na haukutoka. Nilikuwa nimeuziba mwisho kwa mishono miwili mizuri. Akaniambia, "Fundi, mimi nina vidole, ujue." Tulicheka mpaka machozi, halafu yangu yakawa hayakatiki.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita Msafiri? Ulisema naondoka bila kunyanyuka kitini. Wengine nyumbani waliniona mzubaifu tu.

Basi mwalimu huyo ndiye aliyenipeleka kwa mama mmoja mshauri, kwenye zahanati iliyo karibu na shule yao. Kila Alhamisi nakaa naye saa nzima. Anasema mtoto anayeumizwa bila pa kukimbilia, akili yake huweza kuondoka na kuuacha mwili pale pale. Anasema sikuwa na wazimu, nilikuwa najiokoa. Sasa nikihisi naanza safari, nakanyaga sakafu kwa nguvu na kutaja vilivyo mezani: mkasi, chaki, pasi, bobini ya uzi. Siku nyingine narudi upesi. Siku nyingine chai inapoa.

Kumbukumbu zinarudi vipande vipande, wala si zote mbaya. Nimekumbuka cherehani ya Mama asubuhi, kabla hajakwenda zamu yake ya ufuaji, na sisi tumelala chini ya meza tukitazama mguu wake ukikanyaga. Nimekumbuka viatu vyako vikubwa ulivyovijaza magazeti ili visichomoke miguuni. Kaka, kumbe niliipenda ile nyumba. Naikumbuka kwa hamu inayouma.

Stoo nayo imerudi. Baba wa kambo akishamaliza na mkanda wake, alikuwa akinifungia humo mpaka Mama akaribie kutoka kazini. Giza nalikumbuka, na harufu ya mafuta ya taa. Kisha naona uzi uliotungwa vifungo ukipenya chini ya mlango. Ukivutwa mara moja lilikuwa swali: upo? Nami nikivuta mara mbili: nipo. Mshauri aliniuliza nani alikuwa upande wa pili. Nilidhani nimejitungia mwenyewe ili nisiwe peke yangu.

Nilimwuliza Shangazi. Unamjua, mambo ya zamani huyafunika kwa kifuniko. Akamaliza chai yake, akasema, "Mwanangu, mimi sikuwepo." Lakini juma lililopita alipanda ngazi zangu zote na magoti yake yale, akaniwekea mezani mkebe wa vifungo wa Mama, akashuka bila hata kukaa. Chini kabisa, chini ya zipu mbovu, palikuwa na uzi mweusi wenye vifungo sita. Cha mwisho ni kile kikubwa cha koti lako la shule. Nakumbuka ulichapwa kwa kukipoteza, na hukusema kilipo.

Ndiyo sababu naandika. Ni miaka kumi na tisa tangu uondoke, na hukurudi hata tulipomzika Mama. Ukipiga simu unaulizia mvua na bei ya vitambaa, halafu unaaga. Nilidhani umenichoka. Sasa nafikiri unaona haya kwa sababu hukuufungua mlango ule. Kaka, ulikuwa na miaka tisa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba wa kambo. Sijawahi kukudai ufunguo. Kila nilipokwenda mbali, uzi wako ndio ulionirudisha, na nakushukuru kwa moyo wangu wote. Nataka kukuona.

Msalimie sana Wifi, na watoto uwaambie shangazi yao bado anawashonea nguo kwa kukisia urefu. Shangazi yetu anakusalimu, ingawa hakunituma. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi usio na mashaka.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda tangu nikiwa upande wa ndani wa mlango,

Msafiri

Tanbihi: Uzi nimeukata katikati. Nusu yako imo humu ndani ya bahasha, pamoja na kifungo cha koti. Nimevuta mara moja.