Mpaka Viduara Vife

Cedar Ford, Missouri
14 Juni 1987

Mpendwa dada Nadine,

Hamjambo huko Alaska? Mgongo wa shemeji Carl umepona? Sisi wazima, ila tumbo langu sasa hunitangulia kila ninapoingia mlangoni. Mke wangu Irma anasema halitangulii bure, linatafuta chakula.

Baba yako, mjomba wangu, anakusalimu. Ana nguvu, na ulimi wake ndio mzima kuliko vyote. Macho, sitakuficha: daktari amesema majira ya baridi yakifika mwanga utakuwa umekwisha. Mjomba hakulalamika. Alisema tu, "Basi nataka samaki besi mmoja zaidi, kwa ufito wangu wa kuvulia."

Ule ule ufito wa mwanzi, Nadine. Ulikuwa umetundikwa ghalani tangu watu walipoanza kuvua kwa boti zinazonguruma na vyambo vya plastiki vinavyong'aa kama hereni. Tuliupaka mshipi mafuta upya. Katika kopo la tumbaku tukakuta chambo kimoja tu: kizibo cha chupa alichokichonga mwenyewe, chenye manyoya ya yule jogoo aliyekuwa akikufukuza.

Unaikumbuka sheria yake: chambo kikitua juu ya maji hukigusi mpaka viduara vyote vife. Unakumbuka pia ni nani aliyekuwa akivuta mapema kila mara. Ndiyo, mimi. Cheka polepole.

Jumamosi asubuhi tukashuka na boti bapa ya mbao hadi chini ya jabali la mierezi. Yeye mbele, mimi nyuma na kafi mkono mmoja, bila kugonga ubao, kama alivyotufundisha. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Akarusha. Sijui nikueleze vipi. Mtu asiyeona ncha ya kiatu chake! Mshipi ulikunjuka nyuma, ukanyooka mbele, ukakishusha kizibo kando ya jiwe, taratibu kama jani. Nilisahau kupiga kafi.

"Viduara?" akauliza.

Ndipo nikaelewa kwamba havioni. Macho yalikuwa ni mimi.

"Vimekufa," nikasema. Uongo, viwili vilikuwa bado vinatembea. Akatikisa ncha ya ufito, maji yakavimba, kisha kimya. Samaki keshaondoka.

"Lyle."

"Naam, mjomba."

"Miaka arobaini, na bado una haraka ya mbuzi aliyeona chumvi."

"Nisamehe."

"Nisogeze chini kidogo. Na safari hii niambie kweli."

Akarusha tena. Viduara vikapanuka, kimoja baada ya kingine, vikaenda kufia ukingoni.

"Umelala?"

"Bado, mjomba."

"Unasali?"

"Bado, nimesema!"

Maji yakawa kioo. Kereng'ende akaja akatua juu ya kizibo, akakaa kama yuko kwake.

"Sasa," nikanong'ona.

Akatikisa mara moja tu. Mto ukafunguka, Nadine. Besi akatoka mzima mzima, rangi ya shaba, akasimama hewani juu ya ukungu, nami nikasimama pamoja naye, nusura nipindue boti. Baba yako hakumwona. Alikuwa ameinua uso, anasikiliza, mdomo wazi, na ufito umepinda hadi kwenye mpini.

Alipomchosha akamshika mdomo kwa kidole gumba, akampapasa kuanzia kichwani hadi mkiani, mwiba kwa mwiba.

"Ana macho mekundu?"

"Mekundu, mjomba."

"Nilijua." Akamwachia aende zake.

Nimevua katika mto huu tangu utotoni, na kumbe nilikuwa sijawahi kuuona.

Tukirudi akaniuliza kama wewe bado unajua kusubiri. Nikamwambia wewe ulijua siku zote. "Basi aje yeye anishikie kafi," akasema. "Wewe nimekuchoka."

Kizibo chenyewe kimo ndani ya bahasha hii, ndoana nimeizungushia karatasi. Angalia mikwaruzo ya meno. Baba yako amekataza usikirudishe kwa posta. Anasema ukilete kwa mkono wako, kabla theluji haijaanguka.

Tusalimie Carl, na binti yenu Tess, mwambie shangazi Irma anamfumia soksi. Mungu awalinde katika baridi hiyo, awafungulie njia ya kuja.

Mimi nduguyo nikupendaye, hata ukinicheka,
Lyle