Walitafuta Mbegu, Wakakuta Uvimbe

Kiomboi, Ijumaa, Julai

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa Julai unaopenya hadi kwenye mifupa na kuacha vumbi kwenye kila sahani. Jua bado halijazama. Nimekaa nyuma ya nyumba na simu mkononi, naandika kwa sababu nikinyamaza nitaanza kulia, na sitaki majirani wanikute hivyo.

Wachache mnaosoma ukurasa huu mnajua kwamba mimi na mke wangu Tabitha tumeoana muda mrefu na hatujajaliwa mtoto. Mnajua pia kwamba watafiti wa afya ya uzazi ya wanaume walipewa chumba katika hospitali ya huku kwetu, wakatangaza makanisani na misikitini kwamba wanahitaji wanaume ambao ndoa zao hazina watoto. Nikajitokeza. Nilijibu maswali ambayo hata Tabitha hajawahi kuniuliza. Nikatoa damu. Nikapewa kikopo, nikaingia chooni, nikatoka nikitazama chini. Nilivumilia kwa kuwa nilitaka jibu, hasa kwa ajili ya Tabitha, maana mama yangu alishaanza kunitajia binti fulani wa Mkalama nimwoe.

Leo ilikuwa zamu ya ultrasaundi.

Daktari anayetupima ni dada mdogo kwangu kwa umri, anaitwa Salome. Nilipolala kitandani aliniongelesha makusudi ili nisione aibu. Aliniuliza kuhusu kazi yangu ya kukamua alizeti, akacheka niliposema wateja wanagombea mashudu kuliko mafuta. Ile dawa ya kuteleza aliyonipaka ilikuwa ya baridi sana. Upande wa kushoto aliumaliza tukiendelea kuongea.

Upande wa kulia akanyamaza.

Alirudisha kile kifaa palepale, akakibana kidogo, akarudia tena. Kisha akatoka na kurudi na daktari mwingine, mwanaume mtu mzima, ambaye hakunisalimia. Wote wawili wakakodolea macho skrini. Mimi nikakodolea dari.

"Vaa kwanza, baba," Salome akasema. "Halafu tumwite mama naye aingie, kama utapenda."

Hospitalini kila mwanaume ni baba na kila mwanamke ni mama. Siku nyingine neno hilo huniuma. Leo lilinipita.

Tabitha, aliyekuwa akisubiri nje, akaingia, akakaa kando yangu. Salome hakuzungukazunguka.

"Mbegu zako ni chache mno. Hilo ndilo tulilokuwa tunalichunguza. Lakini tumekuta na kitu ambacho hatukukitafuta. Ndani ya korodani ya kulia kuna uvimbe."

"Ni saratani?"

"Inaweza kuwa. Hatutakuwa na uhakika mpaka utolewe na kupimwa."

"Mtatoa huo uvimbe?"

"Hautolewi peke yake, baba. Inatolewa korodani nzima. Tena sitaki usubiri."

Akasema mtu huishi vizuri na moja, na kwamba ugonjwa huu ni miongoni mwa yale yanayotibika, hasa ukiwahiwa. Nikaanza kupumua. Ndipo yule daktari mtu mzima alipouliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Unakohoa?"

Nikasema ndiyo, ni vumbi la maganda ya alizeti.

"Tangu lini?"

Tabitha akaniwahi kujibu. "Tangu kabla ya msimu."

Kabla ya msimu mashine huwa zimezimwa. Hakuna vumbi.

Nikapelekwa eksirei ya kifua, waone kama ugonjwa umefika huko. Waliishika ile picha dirishani, wakaongea Kiingereza kwa sauti ya chini. Nikauliza wameona nini. "Dodoma wataisoma vizuri zaidi," yule mtu mzima akasema, na hapohapo akapiga simu Dodoma kuniombea nafasi Jumanne. Daktari akikupa pole unaweza kujikaza. Akipiga simu mbele yako bila hata kukaa, unaishiwa nguvu.

Nyumbani tulimkuta mama yangu anapepeta mtama. Hatujakaa, akauliza, "Wamesema tatizo ni la nani?" Swali aliniuliza mimi lakini macho yalikuwa kwa Tabitha.

"Ni langu, mama."

Akaweka ungo chini. Nikamweleza na lile jingine: uvimbe, kukatwa, Dodoma. Akasema kitu kwa Kinyiramba, taratibu, maneno ambayo niliwahi kumsikia akiyasema siku ile tu baba aliporudishwa kutoka hospitali kuja kufia nyumbani. Halafu akawa mkali. Huu ni mkono wa mtu, akasema, na yuko mganga upande wa Mgori anayeyaweza mambo haya.

"Wakishakukata, mwanangu, nani atakurudishia? Utabaki na nini?"

Nakiri hapa kwa sababu siwezi kukiri kwingine: nilitamani kumkubalia. Mganga hana eksirei. Mganga hawezi kunionyesha kilichomo kifuani mwangu.

Tabitha alikuwa hajawahi kumpinga mama tangu aingie nyumba hii. Alipiga magoti mbele yake, vilevile anavyopiga anapomwamkia asubuhi.

"Mama, heshima yangu kwako iko palepale. Lakini Jumatatu nampeleka Dodoma. Mtoto naweza kuendelea kumsubiri. Huyu siwezi kumsubirisha."

Mama akainuka, akaenda kukaa barazani. Mpaka sasa yuko huko, na chakula amekirudisha.

Nilipoingia ndani kunywa maji nilimkuta Tabitha anafunga nguo nyingi mno kwa watu wanaokwenda kumwona daktari. Nikarudi huku nje.

Miaka yote nilipomwaza mtoto, nilikuwa nawaza nani atabaki nyuma yangu nikishaondoka. Kuondoka kwenyewe sikuwahi kukuwaza.

Jumatatu nitapanda basi. Hilo nimeliamua, mama akiridhia asiridhie.

Ila kabla ya Jumatatu kuna Jumamosi na Jumapili. Sijui mtu anazipitaje.