Msimu Unamsubiri Mgeni Rasmi

Somanda, Jumanne

Mshauri wa viongozi, eti. Wametuletea kutoka Dar aje anifundishe mimi, meneja wa chama cha ushirika, kujua ninachotaka. Viatu vyake havijawahi kukanyaga shamba la pamba.

Asubuhi nzima kanikalisha ofisini. "Meneja, lengo lako msimu huu ni nini?"

Nikamjibu: kununua pamba kabla wanunuzi binafsi hawajaimaliza.

"Nani anakuzuia kuanza leo?"

Hakuna, nikasema. Akaliandika daftarini huku akitabasamu kama mganga aliyeshaona ugonjwa. Nilimdharau mpaka meno yakaniuma.

Ndipo akaingia Mama Kabula, mwanachama wetu tangu ghala linajengwa. "Mwangaluka, meneja," akaniamkia kwa Kisukuma. "Mnafungua lini?"

"Tunamsubiri mgeni rasmi aje kuzindua msimu, mama. Barua tumeshapeleka."

"Haya. Akija, mpimeni yeye kwenye mizani. Pamba yangu nimewauzia wale wanunuzi wa lori jana."

Mshauri akafungua tena daftari lake. Alilikata tu lile jibu langu, "hakuna", taratibu, kwa rula. Kwa rula!

Simpendi. Kesho nafungua ghala bila mgeni rasmi, na mshauri akiuliza nitamwambia nilishaliamua mwenyewe zamani.