Mshenga Aliyekaukwa Mate

Jumamosi.

Mate ndiyo kwanza yanarudi. Mimi, niliyewahi kumchekesha papa mpaka akaachia wavu, leo nimevuka Kisiwani kumposea mpwa wangu Hamisi mke, ulimi umegoma!

Nilimeza kidonge cha kuzuia kutapika botini. Kutapika, sikutapika. Ila kinywa kilikauka kama makopa juani, macho nayo yakaona ukungu. Kwa taabu nikasema, "Tumekuja kuomba," basi. Hotuba yote ikakwama kooni. Nikabaki kutikisa kichwa, nikijua posa ya kijana naiua.

Baba wa binti akacheka. "Washenga waropokaji tumewachoka. Huyu ana busara. Tumekubali."

Tukirudi nikamwambia Hamisi harusini nitahutubia.

"Mjomba, tafadhali," akanishika mkono, "siku hiyo meza viwili."