Keki Isiyo na Ngano

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki. Nesi amenipa vidonge, kipimo kidogo cha sukari cha kukaa nacho nyumbani, na hukumu yangu: mkate, wali, viazi, keki — punguza, mama, punguza sana. Wali! Mimi na wali tumelelewa pamoja.

Nikapita saluni kwa Pacha wangu. Alikuwa anasuka mtu, kitana mdomoni. Nikamwambia na yeye akapime, tumelala tumbo moja sisi. Akacheka mpaka mteja akageuza shingo. Ati ugonjwa nimejitafutia kwa kukaa kwenye cherehani kutwa, yeye anasimama. Kisha akagugumia chupa nzima ya maji bila kupumua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeoka mkate wa unga wa lozi. Haukuumuka. Umekaa kwenye trei umeninunia. Baba Watoto akaugonga kwa kijiko — ko ko ko — akauliza kama tunajenga au tunakula. Nimecheka. Halafu nikalia kidogo, nimempa mgongo. Halafu nikaula, na chai isiyo na sukari. Kazi ipo.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi! Koliflawa! Binti yangu ndiye aliyesikia habari za mboga hii kazini. Unaikwaruza kwa kile kikwaruzio cha karoti, unaikamua maji kwenye kitambaa, unaikaanga na vitunguu, kitunguu saumu na bizari mpaka ikauke. Punje, punje, punje — kama wali kabisa. Sio wali, nisijidanganye. Lakini mchuzi ukishamwagwa juu, ulimi haubishani.

Baba Watoto alikula mbio, akasogeza sahani aongezwe. Nikamwambia ni koliflawa. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema basi ongeza koliflawa.

Nimejipima baadaye. Sukari imeshuka, saba na kitu! Nimecheza pale pale nilipo, kidole bado kinatoa damu.

Jumatano, 12 Machi

Zukini, mboga kama tango, nimezikata nyuzi badala ya tambi. Nilizichemsha mno. Tumezinywa.

Ijumaa, 14 Machi

Sketi yangu ya kijivu inazunguka kiunoni yenyewe! Nimeibana pande zote mbili. Mkate wa lozi nao umekubali: mayai zaidi, baking pauda, moto mdogo. Unakatika vipande, unapakwa siagi. Nimeula nimefumba macho, kama bibi harusi.

Saa kumi akaingia Pacha na magauni yake matatu. Anataka nimbanie. Anajisifu: wewe unatafuna majani, mimi nakula keki na bado nakonda! Nikapitisha tepu kiunoni. Nikairudia. Vipimo vyake ninavijua kuliko vyangu. Hakuna mtu anayepungua hivyo kwa kula keki.

Nikasema taratibu, Pacha, hii siyo sifa. Akanyakua magauni, pini zikamwagika sakafuni. Ati tangu nipate huo ugonjwa namtaka na yeye awe nao, nipate mwenza. Akaondoka. Nimeziokota pini moja moja. Sikuweza kushona tena.

Jumamosi, 22 Machi

Hanipokelei simu. Kesho ndiyo siku yetu ya kuzaliwa, hatujawahi kuila kila mtu kwake. Nimemtuma Baba Watoto akambembeleze; Pacha hamkatalii shemeji yake. Nimeoka keki. Unga wa lozi, mayai, kakao chungu, krimu ya maziwa, na ule utamu wa majani ya stevia — kidogo, ukizidisha mdomo unakuwa kama umelamba dawa. Imeumuka, jamani! Imeumuka hadi imepasuka juu!

Jumapili, 23 Machi

Alikuja. Kanuna, kapendeza, gauni limemkaa kama limeanikwa. Tukakata keki wote wawili, mkono juu ya mkono kama kawaida yetu. Akaonja. Akafumba macho. Akatangaza mbele ya watu: sasa hii ndiyo keki! Afadhali umeacha upuuzi wako! Akanyoosha sahani tena.

Hapo nikasema. Haina ngano, Pacha. Haina sukari. Ni lozi na mayai.

Nyumba nzima iliangua kicheko, Baba Watoto anapiga meza. Pacha naye alicheka, akanipiga kofi la begani. Kisha kicheko chake kikakatika ghafla. Akaishika sahani kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa sauti ndogo, ya kwangu peke yangu: kwa hiyo mtu anaweza kuishi hivi, na akafurahi?

Nikamwambia, nitazame.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi. Saluni imefungwa. Jumatatu! Nimepiga simu, haipokelewi.

Mchana. Kaja! Ana mfuko, ndani koliflawa mbili kubwa kama vichwa vya watoto. Ana pamba imebandikwa kidoleni. Nimeiona, naye ameona nimeiona. Nikauliza kliniki wamesemaje. Akasema kaa kwanza, kikwaruzio kiko wapi?

Basi nimekaa hapa kwenye cherehani na daftari langu, yeye yuko jikoni. Anakwaruza kwa nguvu kama anadaiwa. Namba ya sukari yake hajaitaja. Hajataja wala hajalia. Sasa anapaza sauti, anauliza maji yanakamuliwa kabla ya kukaanga au baada — kabla, Pacha, kabla! Ngoja, nakuja tukamue wote —