Fomu ya Binti Yangu na Randa Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Binti kaja na fomu ya shule. Kuchagua moja tu: sekondari ya juu kwa mkondo wa sayansi, au chuo cha ufundi. Kaweka alama ya penseli kwenye ufundi. Useremala! Kanikabidhi nisaini, anatabasamu mpaka gego la mwisho. Nikamwambia siioni miwani yangu. Nilikuwa nimeivaa.

Fomu irudi Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu wa ushauri kapiga simu, kasikia sijasaini. Ati nisimzuie mtoto kwa sababu ni wa kike, zama hizo zimepita. Mimi! Mimi niliyempa msumeno akiwa na miaka kumi na mitatu! Nikajibu ndiyo mwalimu, nimesikia mwalimu. Ningesema nini?

Ukweli sijamwambia hata mama yake. Mtoto hana mkono wa kazi hii. Jioni anatengeneza stuli, miguu mitatu inakanyaga, wa nne unaning'inia. Asubuhi akishaenda shule, nachukua randa nanyoosha. Napiga na msasa. Akirudi anakuta imekaa sawasawa. Nilimwambia gundi ikikauka mbao hujiweka sawa zenyewe. Akaamini—si mimi ndiye fundi? Wateja wanamwita Fundi Mdogo. Miaka mitatu sasa.

Mara ya kwanza ilikuwa huruma tu. Alikuwa kajikata kidole, sikutaka alie mara mbili. Kisha ikawa mazoea.

Alhamisi, 12 Juni

Jana sikuandika. Nilipima mlango mmoja mara nne, nikaukata mfupi.

Leo nimemwambia mke wangu. Alikuwa anapiga pasi, akaizima kabisa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, kasema, sasa nenda kalie. Msaada wake ukaishia hapo.

Nikaenda karakana nikamwambia binti. Nilitoa yote kwa mkupuo, macho sakafuni. Nikajua atalia. Wapi! Kachukua stuli yake ya mwisho, kaigeuza, kapitisha kidole pale randa yangu ilipopita. Kaiweka chini. Kisha akasema:

"Kwa hiyo, baba, miaka mitatu yote hukunifundisha hata siku moja."

Nimeona aibu mbele ya mtoto wangu mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni. Saa nne asubuhi

Niko karakana. Binti hajaenda shule, fomu iko mezani bado. Kaamua yeye: atatengeneza kiungo kimoja mbele yangu, ulimi wa mbao uingie kwenye tundu lake. Kikinyooka, ufundi. Kikikataa, sayansi, na asisikie tena habari za mbao. Kanikalisha pembeni, kanitupia daftari hili na kalamu. Andika vipimo, baba, mikono yako ipate shughuli. Naruhusiwa kusema, siruhusiwi kugusa.

Saa nne na nusu. Anashika patasi vibaya. Nikamwambia kiwiko kikae karibu na mbavu. Kakisogeza. Loo—patasi ikatulia! Jambo dogo hivyo, na sikuwahi kumwambia.

Saa tano. Ulimi ni mnene upande mmoja, naona kutoka hapa. Mikono inaniwasha. Kaujaribu, umegoma. Kapunguza. Umeingia nusu. Kanitazama mimi, sikutikisa hata kope.

Saa tano na robo. Umeingia wote! Ila umeinama kidogo, na unacheza. Si kazi ya kumpa mteja. Lakini kwa mtu wa siku ya kwanza—maana leo ndiyo siku yake ya kwanza, Mungu anisamehe—

Kaleta kiungo mpaka usoni pangu. Kimenyooka, baba?

Hakijanyooka. Nikisema hivyo, ataandika sayansi sasa hivi, namjua. Nikisema kimenyooka, hataniamini tena hata siku kitakaponyooka kweli.

Nimeinamia daftari kama mtu mwenye vipimo vingi.

Anauliza tena.