Kibao cha Kawangware

Kibera,
Jumapili.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumaini baridi ya Kericho haijakuzidi na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, na Austine ameota meno mawili. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Baba, ile karakana ya kushona yunifomu kule Kawangware, ambako rafiki yako Kihara alimwajiri Mama, inanichefua. Nilimpelekea Mama miwani nikaona mwenyewe. Wanawake thelathini wana kibao kimoja. Ukitaka kwenda choo unamwomba Kihara, kisha unakivaa shingoni kama ng'ombe na kengele yake. Kina utando wa uchafu, kinanuka. Mama alipokiomba mara ya pili, Kihara alimuuliza mbele ya wote, "Mama Jael, leo tena? Kwani wewe ni mfereji ulioharibika?" Wakacheka. Mama naye akacheka, na kicheko chake kilinitia kichefuchefu kuliko kibao.

Nekoye, muuguzi wa kliniki, alikuwa amempima presha akapata 182 kwa 112. Alimpa vidonge vya kupunguza maji mwilini, kimoja kila asubuhi. Ukikimeza, unakwenda haja mara kwa mara. Basi Mama hakuvimeza. Nilivikuta vyote ndani ya kopo la vifungo. Alinisihi nikuambie anavitumia, nami nikakuambia. Nisamehe.

Uongo wa pili ni wangu peke yangu. Mama aliamka na kizunguzungu, akanituma nimwombee ruhusa ya siku moja kwa Kihara. Nilimwambia Kihara kwamba Mama harudi tena. Nyumbani nikasema Kihara ameshampa mtu mwingine nafasi yake. Mama alilia sana. Kesho yake akaipangusa charahani yake ya zamani, akaiweka mlangoni.

Kazi ni ileile, pengine hata zaidi, lakini akitaka kuinuka anainuka. Kidonge anakimeza. Jana Nekoye alipata 144 kwa 90. Alisema ni dawa. Mama akasema ni mlango.

Leo tukitoka kanisani nitamwambia ukweli. Kihara naye atakupigia, ndiyo maana nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Ukikasirika, nikasirikie mimi, ila tafadhali usimrudishe kule.

Mama anakusalimu. Anauliza kiuno chako sasa ni inchi ngapi, akushonee suruali.

Binti yako akupendaye,
Jael Oketch